Mpira wa Ultrasaundi Ukigoma: Mwongozo kwa Vituo vya Afya vya Kilosa na Mikumi

Katika mashine nyingi za ultrasaundi, katikati ya vitufe, kuna mpira mdogo uliozama nusu ndani ya paneli. Huzungushwa kwa vidole. Mpira huo ndio unaosogeza alama kwenye skrini: unaweka alama ya kwanza ukingoni mwa kichwa cha mtoto aliye tumboni, unazungusha, unaweka ya pili ukingo wa pili, kisha mashine inahesabu milimita na kukupa umri wa mimba. Mpira ukigoma, picha inabaki palepale, safi, moyo wa mtoto unaonekana ukidunda, lakini hakuna kinachopimika. Hapo ndipo mashine ya mamilioni ya shilingi hufunikwa shuka, ikabandikwa karatasi yenye neno "mbovu", na mama mjamzito akaambiwa atafute nauli ya Morogoro.

Makala haya ni ya wauguzi, matabibu, wakunga na mafundi wanaofanya kazi mahali ambapo fundi vifaa tiba hayupo jengo la jirani. Kutoka Mikumi hadi Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 100, na anayetoka vijiji vya njia ya Kilosa kupitia Ulaya na Zombo ana safari yake nyingine kabla hata hajafika lami. Ninachotaka kusema ni kimoja: mara nyingi mpira uliogoma umechafuka tu, haujafa, na mtumishi makini anaweza kuurudisha kazini kabla ya saa ya chakula cha mchana. Kinachohitajika ni kujua pa kuanzia na pa kuishia.

Siyo matumaini matupu. Mwaka 2010 Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na mwenzake walichapisha uchambuzi wa maombi ya matengenezo 2,849 kutoka hospitali 60 zenye uwezo mdogo katika nchi 11. Asilimia 72 ya vifaa vilivyokuwa vimesimama vilirudi kazini bila kuagiza spea hata moja kutoka nje. Hatukosi ubongo wala mikono. Tunachokosa mara nyingi ni mtu wa kutuambia kwamba kifaa hiki kinafunguliwa hivi, na hapa usiguse.

Kwa nini milimita tatu ni jambo kubwa

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma kwa wajawazito, linapendekeza kila mjamzito apimwe ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Sababu mojawapo kubwa ni kujua umri halisi wa mimba. Katikati ya ujauzito, upana wa kichwa cha mtoto huongezeka kwa takriban milimita tatu kwa wiki: wiki ya 20 ni kama milimita 47, wiki ya 21 ni kama 50. Kwa hiyo mpira unaorukaruka, unaokunyima kuiweka alama pale hasa unapotaka, unaweza kumpa mama wiki moja zaidi au pungufu kwa kosa dogo kuliko punje ya mahindi. Wiki hiyo moja baadaye inaamua kama uchungu umekuja mapema, au kama mimba imepitiliza na mama anatakiwa kuanzishiwa uchungu.

Kwa sababu hiyo nasisitiza: mpira unaofanya kazi "nusunusu" ni hatari kuliko uliokufa kabisa. Uliokufa unakuzuia kupima. Wa nusunusu unakuruhusu kuandika namba isiyo sahihi kwenye kadi ya kliniki, na namba ikishaandikwa, kila anayekuja baadaye anaiamini. Usikubali kubahatisha. Kama alama haikai unapotaka, andika kwamba kipimo hakikufanyika, kisha shughulikia mpira.

Mikumi ina sababu yake ya ziada. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na majeruhi wa ajali za barabara hiyo huletwa usiku na mchana. Ultrasaundi ndiyo njia ya haraka ya kuona kama kuna damu inayovujia tumboni. Saa kama hiyo si ya kugundua kwamba mshale wa skrini, ule unaosogezwa na mpira, umekwama.

Kinachotokea chini ya mpira

Teknolojia hii ni ya zamani kuliko ultrasaundi za hospitali zetu. Mhandisi Ralph Benjamin aliibuni mwaka 1946 akiwa katika Jeshi la Majini la Uingereza, kwa ajili ya rada. Wakanada walitengeneza ya kwao mwaka 1952, wakatumia mpira wa mchezo wa bolingi. Kisha kampuni ya Atari ikaupeleka kwenye mashine za gemu, na mwaka 1980 ulimwengu mzima ulikuwa unauzungusha kwenye gemu la Missile Command.  Na aliyewahi kutumia kompyuta za zamani atakumbuka kipanya chenye kijimpira tumboni, ambacho kilikuwa kikikwama mpaka ukikwangue uchafu ndani. Huu ni mpira uleule uliogeuzwa ukatazama juu.

Chini yake kuna rola mbili nyembamba zilizopangwa kwa pembe mraba. Moja inasoma mwendo wa kulia na kushoto, ya pili mwendo wa juu na chini. Beringi ndogo ya tatu inaubeba mpira usiyumbe. Kila rola imefungwa kisahani chenye matundu mengi membamba; upande mmoja wa kisahani kuna taa ndogo yenye mwanga usioonekana kwa macho, na upande wa pili kuna sensa mbili. Kisahani kikizunguka, mwanga unakatika na kurudi, na mashine inahesabu. Sensa ni mbili kwa sababu moja hutangulia kidogo kuuona mwanga, na mashine hujua uelekeo kwa kutazama ipi imetangulia.

Mashine za miaka ya karibuni huenda hazina rola. Zina kidirisha kidogo chini ya mpira chenye sensa inayousoma uso wa mpira wenyewe, ambao mara nyingi una madoadoa. Hizo huchelewa kuchafuka, lakini jeli ikiziba kile kidirisha, mshale unasimama kabisa.

Soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Kwanza hakikisha mpira umeagizwa kufanya kazi. Kwenye mashine nyingi mshale hauonekani mpaka ugandishe picha au ubonyeze kitufe cha kupima; wakati picha inatembea, mpira unaweza kuwa na kazi nyingine kabisa. Wapo waliotangaza mashine mbovu kumbe hawajaigandisha picha. Kisha angalia kwenye mipangilio kama kasi ya mpira haijashushwa hadi chini. Zima mashine kwa utaratibu wake wa kawaida, subiri dakika chache, washa tena. Ukishamaliza hayo, dalili zenyewe zitaanza kusema.

Mshale ukienda vizuri kulia na kushoto lakini ukagoma juu na chini, au kinyume chake, mshukiwa wa kwanza ni uchafu kwenye rola moja. Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na ndiyo rahisi kuliko zote. Mpira ukiwa mzito mkononi, kama unazunguka ndani ya asali, jeli imeingia na kukauka. Mshale ukitetemeka mahali pamoja ilhali mpira unazunguka laini, basi huenda sensa moja kati ya zile mbili imezibwa au imekufa: mashine inahesabu hatua moja mbele, moja nyuma. Mshale ukitembea wenyewe bila kuguswa, fikiria unyevu ndani ya bodi. Na kama mpira na vitufe vyote vimekufa kwa pamoja, acha mpira, tatizo liko kwenye waya au umeme wa paneli nzima, na hilo ni la fundi.

Kuna jaribio moja la bei ndogo ninalolipenda. Baadhi ya mashine zina tundu la USB na hukubali kipanya cha kawaida cha kompyuta. Kama kitabu cha mashine yako kinaruhusu, chomeka. Mshale ukitii kipanya, kompyuta ya ndani ni nzima na ugonjwa uko kwenye mpira peke yake. Wakati huohuo umepata njia ya kuendelea kupima wagonjwa wa siku hiyo.

Kusafisha, hatua kwa hatua lakini kwa utulivu

Zima mashine, chomoa waya ukutani. Kama ni ya kubeba mkononi, itoe betri endapo inatoka kirahisi. Piga picha ya paneli kwa simu kabla hujagusa chochote. Vaa glavu safi, maana mpira huu umeshikwa na mikono iliyotoka kwenye miili ya watu.

Kuuzunguka mpira kuna pete ya plastiki. Kwenye mashine nyingi pete hiyo huzungushwa kwa vidole kinyume cha saa, kiasi kidogo tu, kisha inatoka. Ikikataa, usiilazimishe kwa bisibisi. Nyingine zimefungwa kwa skrubu kutoka chini ya paneli, na hizo mwachie fundi. Pete ikitoka, utoe mpira kwa kuuinua, au kwa kipande cha plasta kilichobandikwa juu yake. Uweke kwenye trei yenye kitambaa. Ukidondoka sakafuni ukapata jeraha, jeraha hilo litakwaruza rola kila mzunguko mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea. Jeli ya ultrasaundi imetengenezwa kwa maji, na huyeyuka kwa maji kuliko kwa spiriti. Kwa hiyo usianze na spiriti. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, suuza, ukaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kwenye rola tumia kijiti cha pamba kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa, kwanza kulainisha jeli. Ndipo ufuate na kijiti kingine chenye alkoholi ya isopropili, au spiriti ya hospitali ikiwa hiyo ndiyo uliyonayo, kuondoa mafuta ya ngozi na unyevu uliobaki. Spiriti ya asilimia 70 ina maji ndani yake, kwa hiyo ipe muda mrefu zaidi wa kukauka.

Tazama katikati ya kila rola. Utaona mkanda mweusi au wa kijivu, mgumu, umeizunguka rola pale mpira unapogusa. Huo ndio adui. Ukwangue kwa kijiti cha meno cha mti, ukiizungusha rola kidogokidogo kwa kidole. Usitumie sindano wala wembe wa upasuaji, hata kama ndivyo vilivyo karibu; mkwaruzo kwenye rola hauna dawa. Angalia pia ncha mbili za kila rola, ambako nywele na nyuzi za shashi hujisokota. Zitoe kwa kibano. Kisha izungushe rola kwa ncha ya kidole: iende bure, bila sauti. Ikikwaruza au ikiyumba, beringi imekwisha, na usafi hautaiponya.

Kwa mashine isiyo na rola, futa kile kidirisha kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi kidogo, kwa mkono mwepesi, halafu kwa kijiti kikavu.

Acha kila kitu kikauke angalau robo saa dirisha likiwa wazi, maana mvuke wa spiriti hushika moto. Rudisha mpira, rudisha pete, washa. Halafu upime kabla ya kumwita mgonjwa: gandisha picha, weka alama mbili karibu na rula ya kina iliyo pembeni ya picha, kwa umbali wa sentimita tano. Mashine isome takriban milimita 50, na alama zikae pale ulipoziacha. Rudia kwa mstari wa kulala na wa kusimama. Hapo ndipo unaweza kuitoa ile karatasi ya "mbovu".

Vitu ambavyo havitakiwi kabisa

Mafuta. Ya kula, ya cherehani, ya nazi, ya kupuliza kutoka kwenye kopo, yote ni mabaya. Mpira utateleza vizuri kwa siku mbili, kisha mafuta yataita vumbi na utakuwa na hali mbaya kuliko ya mwanzo. Thina ya rangi inayeyusha plastiki. Jiki je? Najua kituo chochote cha afya kina ndoo ya klorini kwa ajili ya usafi, na mkono unaizoea. Lakini klorini hula chuma, na rola hizi ni nyembamba sana. Usipulizie dawa yoyote moja kwa moja kwenye paneli. Loweka kitambaa, kikamue, ndipo ufute.

Na usivuke rola. Ndani ya mashine kuna sehemu zenye umeme mkubwa unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Mtumishi asiye fundi kazi yake inaishia kwenye mpira na rola.

Kwa fundi

Ukifika kwenye moduli yenyewe ya mpira, pima kwanza umeme unaoingia. Nyingi hutumia volti 5. Ukishuka sana, taa za ndani hufifia na sensa hazioni. Kisha zungusha mpira polepole sana huku mita ikiwa kwenye waya za ishara: kila mwendo una waya mbili, na kila moja inatakiwa kupanda karibu na volti ya juu na kushuka karibu na sifuri, kupanda na kushuka. Ile inayobaki imesimama ndiyo yenye tatizo. Kabla ya kuilaumu sensa, kagua kama kisahani hakijahama mahali pake na kama plagi haijalegea, hasa kwa mashine inayosukumwa kutoka wodi hadi wodi au inayosafirishwa kwa gari la kliniki ya mkoba.

Ikibidi kubadilisha, kumbuka kwamba moduli ya mpira huuzwa peke yake, na huna haja ya kununua paneli nzima. Chini yake kuna lebo yenye namba ya modeli na volti. Pima pia kipenyo cha mpira kwa milimita. Piga picha ya lebo, ya plagi na ya mpangilio wa rangi za waya, na usiagize kitu mpaka vyote vimelingana. Plagi mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kuwa na mpangilio tofauti wa waya, na kosa hilo huunguza bodi. Usiweke mpira wa mashine nyingine kwa sababu tu umeenea. Kwa zile zisizo na rola, uso wa mpira ni sehemu ya kifaa.

Vumbi, masizi na mikono miwili

Kuanzia Juni hadi Oktoba ukavu wa huku kwetu huleta vumbi linaloingia hata penye dirisha lililofungwa. Upande wa Ruembe na Kidodi, msimu wa kuvuna miwa huleta na masizi ya mashamba yanayochomwa. Kisha mvua zinakuja na unyevu, na wakazi wa Kilosa wanaokumbuka mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 hawahitaji kuambiwa kwa nini mashine ya hospitali isiwekwe sakafuni wala chini ya paa linalovuja.

Kinga iliyo bora kuliko zote haina gharama: gawa mikono. Mkono wa kulia ushike kifaa cha kupitisha tumboni na uguse jeli. Wa kushoto uguse mpira na vitufe tu. Mkono wa kushoto ukipata jeli, futa kwanza. Chupa ya jeli isisimame juu ya paneli hata kwa dakika moja. Jioni futa mpira kwa kitambaa chenye unyevu, ifunike mashine kwa kitambaa safi cha pamba kilichosukwa kwa kubana, wala si taulo linalotoa manyoya. Utoe mpira na kusafisha rola mara moja kwa mwezi, na kila wiki mbili wakati wa kiangazi au kliniki ikiwa na watu wengi. Iingizeni kazi hiyo kwenye ratiba ya matengenezo kinga, yenye jina la mtu, kwa sababu kazi ya wote haifanywi na yeyote.

Kwa mama mjamzito anayesoma haya: ukiambiwa mashine haipimi, uliza kama ni picha au ni kipimo kilichoshindikana, na uombe kujua siku ya kurudi. Itunze karatasi ya kipimo chako cha kwanza kabisa. Kipimo cha mapema ndicho sahihi zaidi kwa kukadiria tarehe ya kujifungua, na cha baadaye hakitakiwi kukifuta.

Pale usafi unaposhindikana na fundi akahitajika, taarifa kwa mganga mfawidhi iwe na maneno yanayomsaidia fundi aondoke na spea sahihi kwenye begi. "Mpira haufanyi kazi" haimsaidii. Andika jina na modeli ya mashine, namba yake ya usajili, tarehe tatizo lilipoanza, mshale unagoma uelekeo gani, kama ulisafishwa na lini, rola zinazunguka bure au zinakwaruza, na kama kipanya cha USB kilijaribiwa. Ambatanisha picha ya mpira ukiwa umetolewa. Nakala moja ibaki kwenye daftari la vifaa.